Chai ya uyoga wa lingzhi kwa mtu anayetaka kuachana na kahawa: jinsi ya kuchagua, kuchemsha na kuinywa

Wadau wa kahawa, salaam. Hii naiandika kwa ajili ya yule mtu ambaye kahawa anaipenda kweli, ya kijiweni kwenye kikombe kidogo na kashata pembeni, ila mwili umeshaanza kumkatalia, yaani akinywa jioni usiku macho makavu mpaka adhana ya alfajiri, moyo unadunda, tumbo linaunguza, na kila akijaribu kuacha anarudi kwa sababu vile vitu vya kubadilishia havimshiki. Mchaichai mzuri, sikatai, choya nayo nzuri, lakini mtu wa kahawa anataka uchungu, anataka kitu cheusi cha moto kinachokaa mdomoni, na maji ya mchaichai hayampi hiyo.

Mimi kilichonishika ni lingzhi. Ni uyoga mgumu unaoota kwenye miti, Wachina wanauita lingzhi, Wajapani reishi, kitaalamu ni jamii ya Ganoderma. Sio uyoga wa kupika mchuzi, huu hautafuniki hata ukiupika siku nzima, kazi yake ni kuchemshwa tu halafu unanywa maji. Ukienda Guangzhou kama wanavyoenda wafanyabiashara wetu wengi, pale Xiaobei wanapofikia, ukichukua metro ukaenda soko la Qingping upande wa Liwan utaukuta umerundikwa kwenye magunia, mizima na iliyokatwa vipande, pamoja na mizizi na magome na kila aina ya dawa kavu. Ndo soko nililoanza kuujua vizuri, na mengi ya kuchagua hapa chini nimeyaona kwa kusimama na wauzaji wa pale.

Kwanza tuelewane unachopata na usichopata, maana hapa ndo watu wengi wanauziwa maneno.

Kafeini inafanya kazi hivi: mchana kutwa kwenye ubongo inajikusanya kemikali inaitwa adenosini, ikizidi ndo unasikia usingizi, sasa kafeini inaenda kukaa kwenye zile nafasi ambazo adenosini ilitakiwa ikae, kwahiyo uchovu upo palepale ila wewe huusikii. Na haitoki haraka, kwa mtu mzima wa kawaida inachukua kama saa 5 mpaka nusu yake iishe, yaani kikombe ulichokunywa saa 11 jioni, saa 4 usiku nusu bado ipo mwilini. Wajawazito inakaa muda mrefu zaidi ya hapo. Lingzhi haina kafeini kabisa, hata kidogo. Maana yake haitakuamsha. Mtu akikuambia ukinywa hii utapata nguvu ileile ya kahawa anakudanganya, au pakiti anayokuuzia ina kahawa ndani. Unachopata kwenye chai yenyewe ni uchungu, rangi, joto, ile shughuli ya kuandaa na kukaa nayo, na usiku unalala. Kwangu hiyo inatosha sana.

Na hilo la pakiti naomba ulisome mara mbili. Zile sacheti zinazouzwa mitaani na kwenye mitandao kwa jina la kahawa ya uyoga au kahawa ya Ganoderma, nyingi ni kahawa ya unga ya kawaida, sukari na krima, halafu imetiwa unga kidogo wa uyoga. Ni kahawa. Mtu daktari kamwambia apunguze kafeini, anahamia kwenye sacheti akijua kaacha kumbe yupo palepale, tena kaongeza sukari. Geuza pakiti usome viungo, vinaandikwa kuanzia kilicho kingi kwenda kilicho kidogo, ukiona kahawa imetajwa popote pale basi kafeini ipo. Hata ile kahawa iliyotolewa kafeini inabaki nayo kidogo, miligramu chache kwa kikombe. Kakao nayo inayo kidogo, hata hii yetu nzuri ya Kyela, kwahiyo kama unatafuta sifuri kabisa usichanganye kakao kwenye chai yako.

Sasa kununua.

Chukua vipande vilivyokatwa vya uyoga wenyewe, usianze na unga wala vidonge. Kwenye kipande unaona unachonunua, kwenye unga huoni. Mwaka 2017 watafiti walichapisha kazi waliyofanya ya kupima bidhaa 19 zilizokuwa zinauzwa Marekani kwa jina la reishi, wakakuta 5 tu ndo zinalingana na kilichoandikwa kwenye lebo. Marekani huko, penye maabara na sheria. Kwahiyo unga wa kwenye kopo usio na mwenyewe mi siushauri.

Kipande kizuri kinakuwaje? Ukingo wa juu una ngozi nyekundu-kahawia inayong'aa kama imepakwa vanishi, hiyo ni ngozi yake ya asili. Chini kwake ni rangi hafifu ya maziwa au kahawia laini, na ukikisogeza karibu na macho utaona vitundu vidogo vidogo sana vimejipanga, huko ndo mbegu zake zinakotokea. Katikati ni kahawia yenye matabaka. Ukikibonyeza kinabonyea kidogo kisha kinarudi, hakikatiki kirahisi, na ni chepesi ukilinganisha na ukubwa wake. Ukiona vumbi la kahawia juu ya ngozi usiogope, mara nyingi ni mbegu zake hizo. Cha kuogopa ni vitundu vya wadudu na unga wa kutobolewa, madoa ya kijani au meupe ya ukungu, na harufu ya kiberiti inayopanda puani, hiyo inaonyesha vimefukizwa na salfa ili vikae muda mrefu. Halafu tafuna kakona kadogo, usimeze, tafuna tu: uchungu unatakiwa uje. Kama hakuna uchungu wowote weka chini uondoke.

Pale Guangzhou vinapimwa kwa jin, jin moja ni gramu 500. Nusu jin inakutosha kabisa kuanzia, kwa kipimo ninachokupa chini hiyo ni sufuria kama 40. Huku nyumbani jaribu maduka ya vyakula ya Wachina, Dar yapo na Nairobi upande wa Kilimani yapo, uliza lingzhi watakuelewa. Walioko Ulaya na Marekani ni rahisi zaidi, duka lolote la Kichina lenye kona ya dawa kavu.

Swali ambalo najua litakuja: mbona kwenye mikorosho na miembe yetu kuna uyoga unafanana na huo, si tuchume? Usichume. Jamii ya Ganoderma ipo mingi na huku kwetu inaota kweli, lakini kufanana kwa macho sio kuwa kitu kimoja, hata Wachina wenyewe ule wa kwao wameutenganisha kitaalamu na ule wa Ulaya mwaka 2012 tu hapa, miaka yote waliuita kwa jina moja. Kama wataalamu wenye maikroskopu walihangaika kiasi hicho, mimi na wewe na panga chini ya mwembe tusijaribu.

Kama umeshanunua unga tayari na hutaki kuutupa, kuna kipimo cha nyumbani. Bidhaa nyingi za unga hazitoki kwenye uyoga wenyewe, zinatoka kwenye nyuzi zake zilizooteshwa juu ya mchele au shayiri kisha vyote vinasagwa pamoja, unakuta umenunua wanga. Chemsha nusu kijiko cha chai cha unga kwenye maji dakika chache, acha ipoe, ongeza maji mpaka rangi iwe hafifu, dondoshea tone mbili tatu za iodini ya duka la dawa. Ikigeuka bluu-nyeusi hapo wanga umejaa. Uyoga wenyewe una wanga kidogo sana, rangi inabaki njanonjano ya iodini. Na hayo maji uyamwage, hayanyweki.

Haya, jikoni.

Unahitaji sufuria ya stinlesi au chungu cha udongo. Sufuria ya alumini na ya chuma Wachina hawatumii kwa dawa za kuchemsha, na mimi nafuata hivyohivyo, chungu hasa kinaleta kitu kizuri maana moto unakaa sawa. Pima gramu 6 za vipande, kama huna mizani ni vipande vinne au vitano vyenye urefu wa kidole, vyembamba. Kitabu rasmi cha dawa cha China kinasema gramu 6 mpaka 12 kwa siku, kwahiyo sisi tunaanzia chini na sioni sababu ya kupanda.

Suuza vipande haraka chini ya bomba kutoa vumbi, usiviloweke kwenye maji ya kumwaga. Kama ni vikubwa vikate na mkasi wa jikoni, kisu kitateleza kikukate vidole. Weka kwenye sufuria na maji lita moja na nusu ya baridi, viache vilale humo saa nzima au usiku kucha, na maji hayohayo ndo utakayochemshia. Vitaelea, havizami, usihangaike navyo.

Washa moto mpaka ichemke, halafu punguza moto mpaka ubaki na viputo vidogo vinavyopanda pembeni tu, funika na mfuniko ukiacha upenyo. Kuanzia hapo saa moja na nusu mpaka mbili. Najua ni muda mrefu na gesi ni hela, lakini hapa hakuna njia ya mkato, na hapa ndo wengi wanaharibu: wanatia kipande kwenye kikombe, wanamwagia maji ya moto, dakika tano wanakunywa, wanasema mbona haina kitu. Haina kitu kweli. Kuta za seli za uyoga zimejengwa kwa kitini, ni kitu kilekile kinachotengeneza gamba la kamba na kaa, na vile unavyovitaka vimejificha ndani yake, vinahitaji moto wa muda mrefu ndo vitoke. Sukari zake ndefu zinazoitwa beta-glukani zinatoka vizuri kwenye maji ya moto. Vile vichungu, triterpeni, vinatoka kwa maji kiasi tu, kwenye pombe vinatoka zaidi, ndo maana kuna watu wanauza lingzhi iliyolowekwa kwenye pombe kali. Kwa asiyetumia pombe, kuchemsha kunatosha, na uchungu utakaoupata utakushangaza kwamba eti bado kuna mwingine umebaki.

Kama unapikia mkaa fanya hivi: ukishaivisha maharage yako, ule moto unaobaki ndo moto wa lingzhi, bandika uendelee na mambo yako, mkaa unajipunguza wenyewe taratibu na ndo tunachotaka. Kwa presha kuka dakika 40 tangu ianze kupiga filimbi, moto mdogo, inatosha.

Sasa kaa karibu na sufuria kidogo uangalie. Dakika 20 za mwanzo maji ni njano hafifu na harufu ni ya mbao mbichi, unaweza ukasema hamna kitu humu. Kwenye dakika ya 40 hivi rangi inaanza kuingia, inakuwa kahawia yenye wekundu, povu jepesi linajikusanya pembeni, na harufu inabadilika inakuwa ya udongo wa msituni baada ya mvua, nzito, inajaza jiko. Vile vipande vilivyokuwa vinaelea vinaanza kuzama kimojakimoja, kingo zake zimelainika na zimekuwa nyeusi. Chota kwenye kijiko uonje: ulimi wa mbele hausikii sana, subiri, uchungu unakuja nyuma kooni na unakaa hapo. Kahawa chungu ya kijiweni nayo inakaa kooni hivyohivyo. Ukifika mwisho maji yamepungua yamebaki kama mililita 700 au 800, rangi ya chai rangi iliyokolea. Yakipungua sana kabla ya muda ongeza ya moto, usiongeze ya baridi.

Chuja, lakini vipande usitupe. Virudishe kwenye sufuria na lita moja ya maji, chemsha tena saa moja. Hii ya pili inakuwa nyepesi, uchanganye na ile ya kwanza kwenye chombo kimoja. Wachina ndivyo wanavyofanya na dawa zao nyingi za kuchemsha, maji ya kwanza na ya pili yanaunganishwa ili kila kikombe kiwe na ladha moja. Kwenye friji ikifunikwa inakaa siku tatu, hapo unakuwa unapasha tu kikombe chako asubuhi, na kwa mtu anayewahi daladala au matatu hiyo ni nafuu kubwa, kazi yote umeshaifanya jumapili.

Ladha sasa, na hapa ndo mimi napenda kukaa.

Lingzhi peke yake ina uchungu na udongo lakini haina ile harufu ya kuungua, ya kitu kilichokaangwa, ambayo ndo inamfanya mtu ajue hii ni kahawa hata akiwa amefumba macho. Hiyo inabidi uilete kutoka kwingine, na kitu kizuri kuliko vyote nilivyoonja ni kokwa za tende. Oman na nchi za Ghuba wanatengeneza kinywaji cha kokwa za tende zilizokaangwa na kusagwa, kinafanana na kahawa na hakina kafeini. Ramadhani kila nyumba inatupa kokwa kilo na kilo, wewe zikusanye. Zioshe ukizisugua mpaka nyama yote itoke, hasa ile ngozi nyembamba, maana ikibaki inaungua na kuleta harufu mbaya. Zianike juani siku mbili tatu mpaka zikauke kabisa. Halafu kaanga kwenye kikaango kikavu, moto wa wastani, unakoroga muda wote, nusu saa au zaidi, mpaka ziwe kahawia ya giza na moshi mwembamba uanze. Ukivunja moja ndani iwe imebadilika rangi mpaka katikati. Kusaga ndo kazi, kokwa ni ngumu mno, blenda ya nyumbani ukiipa hivihivi utaua visu vyake, zitwange kwanza kwenye kinu zivunjikevunjike ndo uingize kwenye mashine ya kusagia viungo kidogokidogo. Unga unaopatikana uweke kwenye chupa kavu.

Kijiko kimoja cha chakula cha unga huo kwa lita moja ya lingzhi, tia zikiwa zimebaki dakika 10, pamoja na tangawizi kavu iliyotwangwa, iliki mbili tatu zilizopasuliwa, na kijiti cha mdalasini. Watu wa pwani hiyo tangawizi mnaijua kwenye kahawa, inafanya kazi hiyohiyo hapa, inaubeba uchungu unakuwa mtamu kunyweka. Chuja kwa kitambaa safi maana unga wa kokwa unapenya kwenye chujio la chai. Mwaga kwenye vikombe vidogo vya kahawa, usijaze magi kubwa, kidogokidogo ndo raha yake, na kashata au tende pembeni. Ukitaka nzito ongeza tui la nazi vijiko viwili. Maziwa nayo yanakubali. Asali weka ikishapoa kidogo. Sukari ni yako, ila kama unaacha kahawa kwa ajili ya afya sioni maana ya kumwaga vijiko vinne.

Wachina wanatia tende zao nyekundu ndogo na wakati mwingine urukususu, ule mzizi mtamu (licorice), kuongeza utamu. Tende nyekundu sawa. Urukususu mwenye presha asiuguse, unapandisha.

Kuhama kutoka kahawa usikate ghafla. Arosto ya kahawa ipo na ni ya kweli, kichwa kinaanza kuuma kati ya saa 12 na 24 baada ya kikombe cha mwisho, unakuwa na uchovu, hasira za bure, na inaweza kuchukua siku mbili mpaka siku tisa. Watu wengi wanajaribu chai ya uyoga siku ya kwanza ya arosto, kichwa kinapasuka, wanasema uyoga umewadhuru. Punguza kahawa taratibu, anza kwa kubadilisha kikombe cha jioni kiwe lingzhi, hicho ndo kinachokuibia usingizi, kaa hapo siku kadhaa, kisha cha mchana, cha asubuhi kiwe cha mwisho kuondoka. Na kama cha asubuhi kimegoma kuondoka, kiache. Mamlaka ya chakula ya Ulaya ilisema mwaka 2015 kwamba mtu mzima mwenye afya hapati shida na kafeini mpaka miligramu 400 kwa siku, kikombe kimoja cha kahawa ya kawaida kina kama 80 mpaka 100, kwahiyo kimoja cha asubuhi sio adui.

Sasa nawaomba sana hapa, msiruke.

Hii ni chai, usiigeuze dawa. Kuna watu wanapita na lingzhi wanasema inatibu kisukari, presha, kansa, na kuna mgonjwa anamsikiliza anaacha vidonge vyake. Wataalamu wa Cochrane, kundi la watafiti wanaopitia ushahidi wa tiba, walipitia mwaka 2015 majaribio matano yenye watu 398, wengi wao wenye kisukari cha aina ya pili, na hawakuona ushahidi wa kuunga mkono lingzhi kama tiba ya sukari wala ya hatari za moyo. Kwa kansa walipitia pia, wakasema haitoshi kuwa tiba ya kutegemewa. Kwahiyo anayekuambia acha dawa unywe uyoga, mkimbie, hata akiwa ndugu yako.

Halafu kwa sababu ina vitu ndani vinavyofanya kazi mwilini, inagongana na dawa. Unatumia dawa ya kufanya damu iwe nyepesi kama warfarini, au aspirini kila siku, usinywe bila daktari kujua, inaweza kuongeza kutoka damu. Dawa za sukari na presha, inaweza kushusha zaidi ya unavyotaka. Aliyepandikizwa figo au anayetumia dawa za kutuliza kinga, aache kabisa. Una operesheni inakuja, acha wiki mbili kabla. Mjamzito na anayenyonyesha, hapana, bado hakuna uhakika wa usalama, tangawizi nyepesi inatosha. Na dawa yoyote ya kila siku unayochukua kliniki, mtajie daktari au mfamasia jina la Ganoderma, wanaweza kulitafuta.

Ini nalo. Mwaka 2004 madaktari wa Hong Kong waliandika kisa cha mama mzee aliyekuwa anakunywa lingzhi ya kuchemsha bila tatizo, akahamia kwenye ya unga, ini likaingia shida. Thailand nao mwaka 2007 wakaandika kisa cha mgonjwa aliyefariki kwa ini baada ya kutumia unga. Ni visa vichache lakini mimi ndo sababu nyingine nabaki na vipande na maji, siuli unga kwa kijiko. Ukiona macho ya njano, mkojo wa giza, kichefuchefu kisichoisha, acha siku hiyohiyo uende hospitali. Vitu vidogo kama mdomo kukauka, kuwashwa, tumbo kulegea au kutoka damu puani, navyo ni ishara ya kuacha.

Nikiulizwa uyoga mwingine nasema kwa kifupi. Chaga, ule mweusi unaoota kwenye miti ya nchi za baridi, Wafini waliunywa wakati wa vita kuu ya pili kahawa ilipoadimika, ladha yake ni laini na haina uchungu mkali, wengi wanaupenda kuliko lingzhi. Ila una oksaleti nyingi, kitu kinachotengeneza mawe ya figo, Japani mwaka 2014 waliandika kisa cha mama wa miaka 72 aliyekuwa anakula unga wake vijiko vinne vitano vya chai kila siku miezi sita, figo zikafa. Mwenye mawe ya figo au figo dhaifu asiukaribie. Ule mweupe wenye manyoya marefu unaouzwa kwa ajili ya kumbukumbu (lion's mane), chai yake ni tamu ya supu, mtu wa kahawa hataridhika. Shitake na mamama (oyster) ni uyoga wa kupika kabisa, kaangia vitunguu ule na ugali.

Vipande vyako vikavu viweke kwenye chupa ya kioo yenye mfuniko wa kubana, sehemu kavu yenye giza, watu wa Tanga, Mombasa na Unguja hasa, maana unyevu wa pwani unaleta ukungu haraka. Kila baada ya muda vitoe juani nusu saa. Na vile vilivyochemshwa mara mbili bado vina safari moja: tia kwenye supu ya kuku wa kienyeji tangu mwanzo na tangawizi na chumvi, Wachina wanafanya hivyo, supu inapata uchungu mdogo kwa mbali, halafu ukipakua unaviokota na kuvitupa.